Mpishi Aliyesoma Kurasa za Nyuma

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kaeni. Leo nimepanda hapa nikiwa na hasira, na sitaifunika kwa sauti laini ya Jumapili. Hasira hiyo inamhusu mwanamke mmoja mpishi, na siku alipoambiwa akae chini mbele ya watu mia nne. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mniambie kama nimekosea kukasirika.

Huyu mwanamke jina lake Atuganile, lakini watu walimwita Mama Gwakisa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mpishi wa shule ya sekondari ya bweni kwa miaka ishirini na miwili. Ugali wa wanafunzi mia sita, maharage yao, uji wao wa asubuhi. Alisoma hadi darasa la saba, akaishia hapo. Alipostaafu akapewa kiinua mgongo, na mnajua wenyewe, kiinua mgongo kikitoka washauri huota kama uyoga. Huyu anasema nunua bodaboda, yule anasema jenga fremu za maduka, mwingine anasema nikopeshe mimi.

Wakati huohuo kampuni moja ya maziwa ya mkoa ule ilikuwa inauza hisa kwa wananchi. Redio ilitangaza asubuhi na jioni. Watu walinunua kama wanaokimbilia mvua. Jirani yake, Bwana Kajuni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinunua siku ya kwanza kabisa, akaja kumwambia.

"Mama Gwakisa, nunua, usiulize. Wakubwa wote wamenunua."

Mama Gwakisa akamuuliza, "Wakubwa hao wamekwambia kwa nini wamenunua?"

"Mambo haya hayahitaji kwa nini. Bei inapanda!"

Hebu niwaulize. Ni wangapi hapa tumewahi kuweka fedha mahali kwa sababu hiyo moja tu, kwamba mwenzetu ameweka? Gunia la mchele unaliingiza mkono ndani, unanusa, unatafuna punje mbili. Mtu akikuletea mbuzi unamfungua mdomo uone meno. Lakini akiba ya maisha yako, jasho la miaka ishirini, unaitoa kwa kuambiwa usiulize!

Mama Gwakisa aliuliza. Alikwenda shuleni kwake kwa mwalimu wa hesabu za biashara, Mwalimu Mwasomola, aliyekula uji wake miaka mingi akiwa zamu. Akamwambia, "Mwalimu, nifundishe hizi hisa. Nisipoelewa nitakupikia bure mpaka nielewe." Mwalimu akacheka, lakini akakubali. Kila Jumamosi asubuhi wakakaa kwenye meza ya bwalo, yeye na daftari lake la mistari mikubwa.

Jumamosi ya kwanza hawakuzungumzia kupata. Mwalimu alimuuliza, "Mama, katika fedha hizi, zipi ukizipoteza utalala na njaa?" Mama Gwakisa akafikiri, akagawa. Za dawa zake za presha pembeni. Za ada ya mjukuu pembeni. Za paa linalovuja pembeni. Zilizobaki, ndizo wakaanza kuzizungumzia. Mnaona? Somo la kwanza lilikuwa la kujua nini hakiguswi. Ni nani kati yetu aliyeanzia hapo? Sisi tunaanza kwa kuuliza itazaa ngapi.

Halafu akafundishwa kwamba hisa ni kipande cha umiliki. Ukinunua hisa, wewe ni mmoja wa wenye kampuni, hata kama kipande chako ni kama punje ya ulezi. Akafundishwa asipande mbegu zote shamba moja. Basi fungu moja akanunua hatifungani za serikali, yaani akaikopesha serikali kwa riba, fungu jingine hisa za benki, na la tatu hisa za ile kampuni ya maziwa. Akafundishwa kununua kidogokidogo kila baada ya miezi mitatu, bei ikiwa juu au chini, ili asije akamwaga zote siku watu wana wazimu. Na bei ikishuka, asikimbilie kuuza kabla hajajua kama ni biashara iliyoharibika au ni watu tu walioogopa.

Mwisho akafundishwa kusoma. Kila mwaka kampuni humtumia mwanahisa taarifa ya mwaka, kitabu cha karatasi laini za kung'aa. Mnajua tunakifanyia nini kitabu hicho? Mjini kwetu nilikiona kimefungiwa maandazi. Nilikiona kimejalidiwa daftari la mtoto. Mama Gwakisa alipoletewa cha kwanza, akaanza kukifungua mbele, kwenye picha za ng'ombe na za wakurugenzi waliovaa suti. Mwalimu akakigeuza.

"Anzia nyuma, mama. Mbele wanaweka picha. Ukweli wanauweka nyuma, kwa herufi ndogo."

Miaka mitatu wakasoma, kitabu baada ya kitabu. Yule mama hakujua maneno ya kitaalamu, lakini alijua stoo. Alimwambia mwalimu, "Gunia likiingia stoo, lazima litokee kwenye sufuria. Lisipotokea kwenye sufuria, limetokea mlangoni." Kwa akili hiyo ya stoo akafika kwenye maelezo ya nyuma ya kitabu cha tatu, mahali palipoandikwa habari za miamala na watu wenye uhusiano na kampuni.

"Wenye uhusiano maana yake nini?" akauliza.

Mwalimu akavua miwani. "Maana yake ndugu, mama. Mwenyekiti wa bodi, mkewe, shemeji yake, na kampuni zao."

Akasoma tena kwa kidole, neno kwa neno. Kampuni ilikuwa inakodi malori ya kubebea maziwa. Malori yalikuwa ya kampuni nyingine. Kampuni hiyo nyingine ilikuwa ya mwenyekiti wa bodi. Akachukua vitabu vyote vitatu, akavipanga mezani. Katika miaka hiyo mitatu, maziwa yaliyokusanywa kwa wafugaji yalikuwa yamepungua kwa robo. Gharama ya kukodi malori ya kuyabeba ilikuwa imepanda mara tatu.

Mama Gwakisa akaweka kalamu chini. "Mwalimu, maziwa yamepungua, na malori yamekuwa ghali. Sasa yanabeba nini?"

Mwalimu alimshauri aende mjini kwa dalali wa hisa, yule anayemnunulia, aulize pale. Akaenda. Dada wa ofisi ya dalali alimpokea vizuri, akasikiliza, akafungua kompyuta yake.

"Mama, uko sahihi kuwa na wasiwasi. Lakini una bahati. Bei bado iko juu, wengi hawajaliona hili. Uza zote leo, utatoka na faida nzuri. Tena kuna mtu ameleta oda, anatafuta hisa hizi hizi."

"Anayezitaka ni nani?"

"Hilo siruhusiwi kukwambia."

"Anajua ninachokijua mimi?"

Yule dada akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, kama angejua asingenunua. Soko ndivyo lilivyo. Kila mtu na macho yake."

Wapendwa, hapo ndipo ningependa mniambie mngefanya nini. Msijibu haraka. Hakuna sheria iliyomkataza. Taarifa ile ilikuwa imetumwa kwa kila mwanahisa, ilikuwa wazi, hakuiba siri ya mtu. Aliyekuwa hajasoma, hakusoma kwa uvivu wake. Angeuza, angepata mara mbili ya alichotoa, angerudi nyumbani akimshukuru Mungu, na sisi tungemwita hapa mbele atoe ushuhuda, tukapiga na vigelegele.

Mama Gwakisa alimwambia yule dada, "Nilikuwa mpishi. Nyama ikinuka siwezi kuitia pilipili nikampakulia mtoto wa mtu kwa sababu mimi nimeshajua kwamba siili." Akafunga mkoba wake, akaondoka. Siwaambii kwamba kila anayeuza hisa ametenda dhambi. Nawaambia alichokifanya yeye. Alitaka kwanza jambo lisemwe mahali ambapo wote wanaohusika watalisikia, ndipo kila mmoja aamue kuuza au kubaki.

Aliporudi nyumbani alipita kwa Bwana Kajuni. Akamkuta dukani ana furaha, ameuza kiwanja chake cha barabarani.

"Nimeweka oda kwa dalali," Kajuni akasema. "Naongeza hisa za maziwa. Mwaka huu lazima nibadilishe gari."

Yaani mtu aliyetaka kununua huenda alikuwa huyu, jirani yake wa ukuta mmoja. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akamweleza yote, malori, ndugu, vitabu vitatu. Kajuni akamsikiliza huku akipima misumari kwa mteja.

"Mama Gwakisa, nakuheshimu sana. Lakini kweli, wewe na mwenyekiti wa bodi, nani anajua kampuni?"

"Mwenyekiti anaijua zaidi. Ndiyo maana naogopa."

"Basi nenda kwenye mkutano ukawaambie wenyewe," akasema Kajuni, akacheka. Alisema kwa mzaha. Yule mama alilichukua kama agizo.

Mkutano mkuu wa mwaka wa wanahisa ulifanyika katika ukumbi wa hoteli kubwa mjini. Mimi nataka muuone ukumbi huo kwa macho yenu. Mlangoni kuna meza ndefu. Kila mwanahisa anayeingia anapewa mwavuli wenye nembo ya kampuni, fulana, kofia, nauli kidogo ndani ya bahasha, na kuponi ya chakula. Foleni ya mwavuli ilikuwa ndefu kuliko foleni ya kusaini mahudhurio. Watu wazima, wastaafu, walimu, wazee wa kanisa, wanasukumana kwa ajili ya kofia! Wengine waliomba mwavuli wa pili kwa ajili ya mke aliyebaki nyumbani. Nakala za kitabu cha taarifa zilikuwa zimerundikwa mwisho wa meza. Wengi walikipita.

Mkutano ukaanza. Mwenyekiti alizungumza vizuri sana, mtu mwenye sauti ya kutuliza. Akasoma mafanikio, akatangaza gawio, makofi yakapigwa. Kisha akasema, "Kama hakuna swali, tuthibitishe taarifa na hesabu za mwaka, pamoja na mikataba yote iliyomo." Harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imeshaanza kupenya kutoka chumba cha pili.

Mama Gwakisa akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwenda ibadani, ameshika vitabu vitatu vyenye vikaratasi vya alama. Wakampa kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, shikamoo. Mimi ni mwanahisa. Taarifa yenu inasema maziwa yamepungua kwa robo katika miaka mitatu. Inasema pia kukodi malori ya kubeba maziwa kumepanda mara tatu. Na inasema malori ni ya kwako. Naomba kuuliza. Yanabeba nini?"

Mwenyekiti akatabasamu.

"Mama yetu ameuliza vizuri. Haya ni mambo ya kitaalamu kidogo. Wakaguzi wa hesabu wameyapitia na wameridhika. Tutamjibu kwa maandishi."

"Wakaguzi wameandika, baba, ndiyo maana nimeona. Wao hawakuficha. Lakini kura mnaipiga leo, na maandishi yatakuja kesho. Naomba nijibiwe hapa, mbele ya wenye mali."

Kama kuna wakati katika maisha ya watu mia nne ambapo Mungu aliwawekea mlango mbele ya pua zao, ulikuwa huo. Sekunde kumi. Angetokea mtu mmoja tu, mmoja, akasema, "Hata mimi ningependa jibu." Angefuata wa pili. Wangekuwa ishirini, na mwenyekiti angetoa jasho.

Badala yake, kutoka safu za katikati, sauti ya mwanaume ikapaa:

"Mama, kaa chini! Chakula kinapoa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na kicheko kilipofungua mlango, wengine wakaingia. "Katumwa huyo!" "Darasa la saba anafundisha wahasibu!" "Tuna mabasi ya kuwahi, jamani!" Mama Gwakisa akajaribu kusema, "Nimepika miaka ishirini na miwili, chakula kikipoa kinapashwa—" na kipaza sauti kikazimwa. Midomo yake ilionekana ikisogea bila sauti.

Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono ikapanda kama msitu. Wapo waliopunga miavuli kwa sababu mikono ilikuwa imejaa fulana. Akauliza wanaokataa. Mkono mmoja. Akasema, "Imepita kwa wingi," na milango ya chumba cha chakula ikafunguliwa.

Yule mama hakula. Alitoka nje, akaacha mwavuli kwenye kiti, akapanda basi kurudi nyumbani.

Wiki iliyofuata akarudi kwa dalali kuuliza kama sasa, baada ya kusema hadharani, anaweza kuuza kwa dhamiri safi. Yule dada akainamisha kichwa. Tangu mkutano ule wakubwa walikuwa wanauza kimyakimya, na wanunuzi walikuwa wamekauka. Bei ilikuwa imeandikwa ubaoni, lakini hapakuwa na mtu wa kuitoa. Baada ya mwaka mmoja na nusu soko lilisimamisha biashara ya hisa zile. Kiwanda kilifunga geti. Wafugaji walimwaga maziwa mitaroni, meupe yakishuka na maji ya mvua, akina mama wamesimama kando na madumu yao. Yale malori yalipakwa rangi nyingine, yakaendelea kufanya kazi mahali pengine. Mwenyekiti alihamia mji mwingine, anaishi vizuri. Hakuna aliyefungwa. Mnajua kwa nini hakuna aliyefungwa? Kwa sababu kila mkataba ulikuwa umethibitishwa na wenye mali wenyewe, kwa kunyoosha mikono, saa saba mchana, kabla ya kuku.

Kajuni alikuja kwa Mama Gwakisa siku ya tatu baada ya geti kufungwa. Alikaa kizingitini, mtu aliyekuwa na kiwanja na sasa hana kiwanja wala gari.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilikuambia, jirani."

"Hukunikazania! Ulisema kwa upole! Kama ulijua kweli, kwa nini hukunishika shati?"

Naomba mnisaidie kukasirika hapo. Mwanamke amesafiri, amesimama mbele ya watu mia nne, amechekwa, amezimiwa kipaza sauti. Na yule aliyekuwa anapima misumari wakati anaambiwa, leo anamlaumu kwa kutopiga kelele ya kutosha! Lakini yule mama hakumfukuza. Alimpa chai. Yeye mwenyewe fungu lake la tatu lilikuwa limeungua lote. Mafungu mengine mawili yalikuwa salama, kwa sababu ya yale mafundisho ya Jumamosi, na ada ya mjukuu haikuwahi kuguswa. Alipoteza, lakini hakufilisika. Na hakuna mtu aliyepoteza kwa kununua kutoka mkononi mwake.

Sasa naona nyuso zenu. Mmekasirika kama nilivyotaka. Mnangoja nimlaani mwenyekiti wa bodi. Nimlaani basi? Ni mwizi, na Mungu anamjua kwa jina. Nimemaliza.

Hasira yangu haiko kwake. Iko kwa ile sauti ya kwanza, ile ya safu za katikati. Kwa maana mwenyekiti alikuwa ameshindwa! Alikuwa na sekunde kumi za kimya na hakuwa na jibu. Aliyemwokoa ni mtu mmoja aliyegeuza swali la haki kuwa kichekesho. Ningependa kuwaambia kwamba mtu huyo alinunuliwa na kampuni, kwamba alikuwa jambazi, kwamba hajulikani.

Wapendwa, alikuwa amevaa kola hii.

Ni mimi. Mimi niliyesimama hapa ndiye niliyesema, "Mama, kaa chini, chakula kinapoa." Mnyamaze tu, ni sawa mnyamaze.

Kabla sijaletwa kwenu nilikuwa mchungaji kule anakoishi Mama Gwakisa. Usharika wangu ulikuwa na hisa katika kampuni ile, tulizozinunua kwa michango ya umoja wa wanawake. Walikuwa wamechanga miaka sita, kwa kuuza maparachichi na kufuma vitambaa, ili kujenga nyumba ya wajane wasio na pa kukaa. Mimi ndiye niliyetumwa kuwawakilisha. Vitabu vya taarifa vilikuja ofisini kwangu vyote vitatu. Nilivisoma? Meza yangu ilikuwa inayumba. Nikaviweka chini ya mguu. Mwaka mmoja kabla, yule mwenyekiti alikuwa ametoa mabati ya nyumba ya mchungaji. Nililala chini ya mabati yake. Nilipomwona mama yule amesimama, mshirika wangu mwenyewe, anayekaa benchi la tatu kila Jumapili, niliona haya kwa niaba ya mfadhili wangu. Hayo ndiyo yaliyonifungua mdomo. Na njaa pia, msinisamehe njaa.

Nilikwenda kwake wiki ile ile geti lilipofungwa. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikaanza kulia kabla sijasalimia. Aliniambia niketi, akanisimulia yote haya niliyowasimulia, kuanzia Jumamosi ya kwanza. Kisha akasema, "Mchungaji, sauti yako niliitambua siku ile ile. Ndiyo inayonibariki kila wiki, nitaisahauje?"

Nikamwomba msamaha.

Akaendelea kumenya. "Mimi nilikusamehe kwenye basi nikirudi. Zile hisa hazikuwa zangu. Nenda ukawaambie wajane."

Nikaenda. Niliwaambia wakiwa wamekaa, kina mama kumi na tisa, na bibi mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo nyumba haipo?" Sikumbuki nilijibu nini. Mlikuwa mnajiuliza kwa nini nilihamishwa kuja huku katikati ya mwaka. Sasa mmejua.

Kwa hiyo ninaposema sisi, simaanishi ninyi. Naanza na mimi. Sisi tunapenda kuwa wenye mali, lakini kazi ya mwenye mali hatuitaki. Siku hizi mnafundishana kwenye simu jinsi ya kununua hisa, na ni vizuri, jifunzeni, huyu mama alijifunza akiwa na miaka sitini. Lakini tunachojifunza ni wakati gani wa kuingia na wakati gani wa kutoka, kama wezi wanaokagua dirisha. Nani anajifunza kusoma kurasa za nyuma? Nani anajifunza kusimama? Tunaita uvivu wetu imani. Tunasema, "Viongozi wanajua." Tunasema, "Tusimhukumu mtumishi." Mtu akiuliza swali tunamwona ana pepo. Tunanyoosha mikono juu kwa kitu ambacho hatujakifungua, halafu kikiharibika tunaomba maombi ya kufunga siku tatu. Mungu alikuwa ameshajibu, kwa mdomo wa mpishi, na tulimwambia akae chini!

Na usharika ni nini, kama si mali ambayo kila mmoja wenu ana kipande chake? Mmeitoa kwa sadaka, kwa mavuno, kwa kuku mlioleta madhabahuni wakapigwa mnada. Leo baada ya mahubiri haya ndio mkutano mkuu wa mwaka wa usharika. Miaka miwili niliyokaa nanyi, mkutano huu umechukua dakika tisa. Mwaka jana mtunza hazina alisoma ukurasa mmoja, mzee mmoja akasema "naunga mkono," tukaimba, tukaenda nyumbani. Hamkuuliza kitu hata kimoja, nami nilifurahi. Mungu anihurumie, nilifurahi.

Leo hatutafanya hivyo. Asubuhi niliwaomba wazee waweke taarifa kamili kwenye kila kiti. Mmeikalia baadhi yenu, inukeni muitoe. Ina kurasa kumi na moja. Nimeipitia juzi na jana, na katika ukurasa wa tisa kuna jambo linalonihusu mimi, mchungaji wenu, ambalo kama ningekuwa nimekaa hapo mlipo ningesimama kuliuliza. Sitawaambia ni lipi. Siwezi kuwa mwizi na askari kwa wakati mmoja.

Hakuna atakayechekwa. Atakayemcheka muulizaji nitamtoa nje mwenyewe kwa mkono wangu.

Nashuka madhabahuni sasa, nitakaa pale kwenye kile kiti cha mbao, mbele yenu. Fungueni ukurasa wa tisa. Someni polepole. Wa kwanza asimame.